Kachumbari ya Bustani Yako: Namna ya Kuitengeneza Isichuruzike Maji

Kachumbari ikishakaa mezani robo saa, inamisha bakuli uangalie chini. Ukikuta dimbwi la maji mekundu na mbegu zinaelea humo, ladha yote imeshukia huko chini, na atakayeteka kijiko cha mwisho ataulowesha pilau wake. Wengi hulaumu ndimu au chumvi. Chumvi ina sehemu yake, lakini mara nyingi tatizo lilianza zamani: aina ya nyanya iliyopandwa, maji iliyonyweshwa siku mbili kabla ya kuchumwa, namna ilivyokatwa. Mnunuzi wa sokoni hawezi kuyagusa mawili ya kwanza. Mwenye bustani anayaweza yote, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye tuta.

Panda kwa kuhesabu kurudi nyuma

Mboga za kachumbari haziivi kwa pamoja, na hapo ndipo wapandaji wapya hukwama: nyanya zimeiva, kotmiri imeshatoa maua, vitunguu bado vidogo kama gololi. Chagua wiki unayotaka kuanza kula, kisha rudi nyuma.

Vitunguu ndivyo vya kwanza. Vinakaa kitaluni wiki 6 hadi 8, halafu bustanini siku 90 hadi 120 kutegemea aina na baridi ya mahali. Pilipili mbuzi nayo haina haraka: wiki 6 hadi 8 kitaluni, na karibu miezi mitatu kabla ya tunda la kwanza, ila ikishaanza itakuzalia mwaka mzima na zaidi. Nyanya hukaa kitaluni wiki 4, na mavuno ya kwanza huja siku 75 hadi 90 baada ya kuhamisha miche. Tango huchukua siku 50 hadi 60 tangu mbegu. Kotmiri, ambayo Kenya huitwa dhania, huvunwa siku 40 hadi 50.

Kwa familia ya watu sita inayokula kachumbari mara mbili kwa wiki, miche 6 ya nyanya inatosha. Za mchuzi hesabu mbali. Tuta la vitunguu la mita 1 kwa 2, mistari ikiachana sentimita 15 na mche kwa mche sentimita 10, litakupa vitunguu 130 hivi. Pilipili mbuzi shina moja tu. Tango mashina mawili.

Kotmiri ina kanuni zake. Ile punje ya mviringo ni mbegu mbili ndani ya ganda moja: isage taratibu kwa chupa au jiwe hadi igawanyike, loweka usiku mmoja, kisha sia moja kwa moja mahali itakapokulia. Mzizi wake ni mmoja mrefu na haupendi kuhamishwa. Sia mstari wa mita 1 kila baada ya wiki 3, maana kwenye joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukimbilia maua, na ikishatoa maua majani huwa membamba na makali. Pwani ipe kivuli cha mchana, hata cha mgomba.

Nyanya ipi

Kwa kachumbari, tafuta nyanya yenye nyama nene na vyumba vichache vya mbegu. Cal J, Rio Grande na Roma zinafaa. Tanzania kuna pia Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kwenye utafiti wa mboga huko Tengeru, Arusha. Ni ngumu na zinavumilia kukatwa vipande vyembamba bila kubomoka. Money Maker ni tamu, lakini ina maji mengi. Kama ndiyo uliyo nayo usiing'oe. Kuna namna yake ya kuikata, tutaifikia.

Simika mijiti mapema na ufunge mashina ili tunda lisiguse udongo. Weka matandazo ya nyasi kavu unene wa sentimita 5 hivi. Hii si kwa ajili ya uzuri. Tone la mvua likigonga udongo mtupu hurusha matope kwenye tunda, na tunda hilo utalila bila kupikwa.

Kwa sababu hiyohiyo, samadi mbichi ina mipaka. Mboga inayogusa udongo, kama kitunguu na kotmiri, iachie angalau siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna. Nyanya iliyosimikwa mijiti, siku 90. Kotmiri yote huishi siku 50, kwa hiyo samadi mbichi haina nafasi kwake kabisa. Tumia mboji iliyoiva, ile isiyo na harufu ya zizi wala joto ukiingiza mkono.

Na kantangaze. Mdudu huyu aliyethibitishwa Tanzania na Kenya mwaka 2014 hutoboa majani na tunda, na wakulima wengi humpiga dawa mara kwa mara. Kwa miche 6 unaweza kumkabili kwa mkono: kila baada ya siku mbili kata majani yenye michirizi ya kahawia inayopitisha mwanga, okota matunda yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani. Usiyatupe kwenye shimo la mboji, mdudu atarudi. Ukilazimika kupiga dawa, heshimu siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko. Dawa nyingine hupenya ndani ya tunda, na hakuna kuosha kutakakoitoa.

Maji: mwaga kwa kipimo, punguza mwishoni

Nyanya hupenda maji yasiyobadilika-badilika. Ukiiacha ikauke siku nne kisha ukaifurikisha, utaona moja kati ya mambo mawili. Ama ganda linapasuka, kwa sababu nyama ya ndani imevimba kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Ama kitako cha tunda kinageuka cheusi na kuwa kama ngozi. Kuoza kitako huko watu hudhani ni ugonjwa wa kupuliziwa dawa. Ni upungufu wa kalsiamu kwenye ncha ya tunda, na mara nyingi udongo unayo ya kutosha; kilichokosekana ni maji ya kuisafirisha. Mwagilia chini ya shina, asubuhi, kiasi kilekile kila mara.

Matunda yakianza kugeuka rangi, punguza maji. Siku mbili kabla ya kuchuma acha kabisa, mradi majani hayanyauki. Tunda halikui tena, na utamu na ukali wake hukolea. Mvua kubwa ikinyesha usiku, usichume kesho yake kwa ajili ya kachumbari. Subiri siku mbili, au chuma kabla ya mvua zile zilizoanza kuwa nyekundu uziivishe ndani.

Tango fanya kinyume. Likikosa maji kwenye jua kali huwa chungu, na uchungu huanzia upande wa kikonyo. Mwagilia kila siku hadi siku ya kuchuma, na lichume likiwa na sentimita 15 hadi 18, mbegu zikiwa bado laini.

Kuchuma

Chuma asubuhi, umande ukishakauka. Nyanya ya kachumbari iwe nyekundu mpaka mabegani, pale karibu na kikonyo. Ibonyeze kwa kidole gumba: inapaswa kukubali kidogo na kurudi. Ikibaki na shimo, hiyo ni ya mchuzi. Ikikataa kabisa na mabega bado ya kijani, iweke kibarazani penye kivuli siku mbili au tatu, kikonyo kikitazama chini.

Usiiweke kwenye friji. Chini ya nyuzijoto 12 nyanya huacha kutengeneza ile harufu yake, na nyama huwa kama unga ulioloana. Kazi yote ya miezi mitatu hupotea kwa siku chache za baridi.

Kitunguu kilichong'olewa leo hakina ukali mwingi na kina maji mengi, kitamu kwa kachumbari ya siku hiyohiyo. Cha kuweka kianike kivulini siku 10 hadi 14 mpaka shingo ikauke na kubana. Kilichokua kwenye ukame na joto huwa kikali zaidi. Kioshe kwa chumvi kama itakavyoelezwa.

Kuosha kabla ya kisu

Kachumbari haioni moto. Kila kilichomo kwenye maji unayooshea kitaingia mdomoni, na kipindupindu na homa ya matumbo hupita njia hii. Tumia maji yaliyochemshwa: yakishatokota sawasawa, yahesabie dakika 1, kama unaishi mwinuko unaozidi mita 2,000, dakika 3. Yaache yapoe mpaka yalingane na joto la chumba. Nyanya iliyotoka juani ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi sana hujikunyata ndani na kuvuta maji kupitia kovu la kikonyo, pamoja na uchafu uliomo.

Sugua kila nyanya na tango kwa mikono. Kotmiri itumbukize kwenye bakuli la maji, itikise, inyanyue, mwaga maji uone mchanga uliobaki, rudia hadi usiuone. Kisha kausha kila kitu kwa kitambaa safi. Kausha kwelikweli: matone kumi kwenye kotmiri ni maji utakayoyakuta chini ya bakuli.

Vipimo vya watu sita

Nyanya 6 za wastani, kama gramu 600. Vitunguu vyekundu 2 vya wastani, gramu 200. Tango 1, gramu 150. Pilipili mbuzi nusu. Wanaopenda moto, nzima. Kotmiri kiganja kimoja, kama gramu 20, pamoja na vijiti vyake vyembamba. Ndimu 2 zenye maji, upate vijiko vya mezani 2 hadi 3. Chumvi kijiko cha chai 1 kisichojaa, na kando kijiko cha mezani 1 cha chumvi ya kuoshea vitunguu.

Ndimu, si limau, kama unaweza kuchagua. Limau lina harufu nyingine na huifanya kachumbari ionekane ya samaki. Siki inafaa kwa wale wanaoila na biriani. Weka vijiko 2, maana ukali wake hutangulia harufu ya kotmiri.

Hatua kwa hatua

1. Anza na kitunguu. Kigawe mara mbili kutoka kichwani hadi mizizini, menya, kisha kata vipande vyembamba kama karatasi nene, ukifuata mistari yake ya kichwa hadi mizizi. Vipande vya namna hii hubaki na mlio mdomoni. Ukikata kwa kukingama unapasua vijumba vingi zaidi, na hicho ndicho kinachotoa ukali: kitunguu kizima hakiwashi macho, kinaanza pale kisu kinapochanganya vitu viwili vilivyokuwa vimetengwa ndani yake. Kwa hiyo noa kisu. Kisu butu husaga.

2. Nyunyizia kijiko cha mezani cha chumvi juu ya vipande na uvifikiche kwa vidole kwa dakika moja. Utaona povu jeupe jepesi na maji ya waridi, na vipande vitaanza kulegea mkononi. Acha hapo. Ukiendelea vitakuwa vya utelezi. Mimina maji safi, koroga, chuja. Rudia mara mbili au tatu mpaka kipande ukikionja hakina chumvi ya kukera. Kikamue kwa ngumi na ukitandaze kwenye kitambaa. Kitunguu kilichong'olewa leo hakihitaji haya yote: kioshe kwa maji tu, au kilaze kwenye ndimu dakika 10 hadi kigeuke waridi.

3. Tengeneza pilipili. Jipake mafuta ya kupikia vidoleni kwanza. Pasua pilipili, toa ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Ukali umekaa hapo, wala si kwenye mbegu zenyewe. Katakata ndogo kabisa, weka chini ya bakuli kubwa pamoja na maji ya ndimu, na uisage kwa mgongo wa kijiko. Hivi moto husambaa wote. Pilipili iliyotupiwa juu huenda ikamwangukia mtoto mmoja yote.

4. Kata tango. Ondoa sentimita 2 upande wa kikonyo, onja kipande kinachofuata. Likiwa chungu, ondoa tena. Likiwa chungu hadi katikati, litupe, maana hakuna ndimu itakayolifunika. Lipasue kwa urefu, toa mbegu kwa ncha ya kijiko, kata vipande vya nusu mwezi.

5. Nyanya ziwe za mwisho. Toa kile kigumu cha kikonyo, gawa mara mbili kwa urefu, kata vipande vya milimita 3 hadi 4. Tumia kisu kikali au chenye meno, na usisukume chini, kivute. Kama ni Money Maker au nyingine ya maji, igawe mara nne, kokota ute na mbegu kwa kidole ndani ya chujio lililokaa juu ya kikombe. Ute ule usiumwage. Ukali na ladha nyingi ya nyanya vimo humo. Bonyeza kwenye chujio, chukua vijiko 2 vya maji yake uvichanganye na ndimu na pilipili. Kinachobaki ni cha mchuzi.

6. Weka kitunguu kwenye bakuli lenye ndimu na pilipili, kisha tango, kisha nyanya. Inua kutoka chini kwa mikono miwili au vijiko viwili, mara nne au tano tu. Kukoroga kama uji ndiko kunakobomoa nyanya.

7. Kotmiri ikatwe sasa hivi, mara moja kwa kisu kikali, bila kurudiarudia. Ikikatwa mapema huwa nyeusi pembeni na harufu hubaki kwenye kibao.

8. Chumvi weka dakika 5 kabla ya kupakua. Chumvi huvuta maji kutoka kila kipande kilichokatwa, na haiachi. Pilau ikiwa bado jikoni, kachumbari ingoje bila chumvi. Onja ukitumia kile itakacholiwa nacho: ya nyama choma inahitaji ndimu zaidi, ya pilau yenye binzari nyembamba nyingi inahitaji chumvi kidogo.

Ikiharibika

Maji yamejaa: mimina yote kwenye kikombe, rudisha vijiko 2 tu juu yake. Usiongeze chumvi kufidia. Utaanzisha upya tatizo.

Imekuwa kali ya pilipili: ongeza nyanya na tango, au parachichi lililokatwa vipande, kama Wakenya wengi wanavyopenda. Kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya parachichi hukishika. Maji ya kunywa hayasaidii. Maziwa na mtindi husaidia. Mikono ikiwaka, ipake mafuta, futa, kisha osha kwa sabuni.

Imechachuka mno: kipande cha embe bivu au karoti iliyokwaruzwa hutuliza kuliko sukari. Embe bichi, lipendwalo pwani, lina ukali wake, kwa hiyo likiingia toa ndimu moja.

Kitunguu kinatawala: hakikukamuliwa. Kitoe kwa mkono kadiri unavyoweza, kioshe, kirudishe.

Ukitaka iwe ya Kimeksiko

Wameksiko wana ndugu yake, *pico de gallo*: nyanya, kitunguu, pilipili mbichi ya kijani, kotmiri, ndimu, chumvi. Ukiiangalia, tofauti kubwa ni kisu. Sisi tunakata vipande vyembamba vinavyolala juu ya wali au kushikwa na tonge la ugali. Wao hukata vipande vya mraba vya nusu sentimita hadi sentimita moja, maana vinatekwa na chapati ngumu ya mahindi. Acha tango, tumia kitunguu cheupe kisichooshwa kwa chumvi, na badala ya pilipili mbuzi tumia pilipili ndefu ya kijani. Nyanya hapa lazima ziwe za nyama, na vipande vya mraba viache vichuje dakika 10 kwenye chujio, kwa kuwa kisu kimefungua pande nyingi zaidi.

Iliyobaki

Nje ya friji kachumbari isipite saa 2. Kwenye joto linalozidi nyuzi 32, saa 1. Kwa shughuli kubwa usichanganye yote: weka nyanya, tango na vitunguu kwenye vyombo vitatu vilivyofunikwa penye baridi, uchanganye bakuli moja moja kadiri watu wanavyokula. Iliyobaki mezani ndani ya muda huo itie kwenye friji, na asubuhi usiirudishe kama kachumbari. Ichuje, mimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, acha maji yakauke, kisha pasulia mayai manne juu yake.